Siku Moja Maishani Mwangu: Studio Yetu Inapohama Programu ya Kupangia Kurasa

Saa 2:00 asubuhi

Kazi yangu katika studio ni kusimamia hatua ya mwisho kabla faili halijaenda kwa mpiga chapa, na kwa kuwa sasa tunahama kutoka programu ya InDesign kwenda ile ya Affinity, asubuhi huanza kwa kuchambua kabla ya kusanifu. Napitia orodha ya kazi zote zilizo mikononi mwetu na kuzitenga. Kitabu au ripoti iliyokwisha kupita prufu (nakala ya kusahihishia) ya kwanza itamaliziwa katika programu ilikoanzia, hata kama wenzangu wana hamu ya kujaribu vitu vipya, na kazi ambayo haijapangwa hata ukurasa mmoja itaanzia katika programu mpya. Zinazosumbua ni zile za katikati, hasa jarida linalotoka kila robo mwaka, ambalo kiolezo chake kimebeba mitindo ya aya iliyorundikwa na wasanifu wa vipindi mbalimbali, kila mmoja akiongeza wake bila kufuta wa mwenziwe.

Mimi nashikilia kwamba kiolezo cha namna hiyo hakihamishwi, hujengwa upya. Ukikihamisha, unahama na takataka zote.

Saa 3:00 asubuhi

Mafaili ya kawaida ya InDesign, yale yenye mwisho wa .indd, hayafunguki katika Affinity, kwa hiyo kila kazi inayohamishwa inapaswa kwanza kuhifadhiwa upya kwa muundo wa IDML, ambao Adobe, kampuni inayotengeneza InDesign, iliuleta pamoja na toleo la CS4 mwaka 2008. Muundo huu si fumbo: ukibadilisha mwisho wa jina la faili kuwa .zip na kulifungua, utakuta folda za mafaili ya XML, yaani maandishi yenye alama zinazoeleza kila kipande ni nini, moja likiwa na mitindo, mengine na matini, mengine na mpangilio wa kurasa. Picha hazimo humo, ila anwani zake tu. Ndiyo maana kabla ya kuhifadhi IDML tunakusanya kwanza picha na fonti zote mahali pamoja, kisha tunatoa PDF ya kazi nzima kutoka programu ya zamani. PDF hiyo ndiyo kipimo chetu. Bila yake hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama ukurasa umebadilika au ni macho yake tu.

Saa 4:30 asubuhi

Msanifu mdogo ananiita. "Dada, sura ya tatu imekataa kukaa." Ni ya kitabu tunachokihamisha: sura iliyokuwa na kurasa 14 sasa inamwagikia ya 15, kwa mistari miwili tu.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. InDesign ina namna ya kuvunja mistari inayoitazama aya nzima kwa pamoja, kwa mantiki inayokaribiana na ile waliyoichapisha wanasayansi wa kompyuta Donald Knuth na Michael Plass mwaka 1981: mstari wa pili unaweza kulegezwa kidogo ili wa sita usibanwe mno. Programu nyingine ikifanya hesabu zake kwa njia tofauti, neno moja husogea, aya inaongezeka mstari, na kufikia mwisho wa sura tofauti hizo ndogo zimekuwa ukurasa mzima. Hakuna kitufe cha kurekebisha jambo hili. Tunaiweka PDF ya zamani upande mmoja wa skrini na ukurasa mpya upande wa pili, tunashuka aya kwa aya, na pale zinapoachana tunasimama na kuamua.

Katika sura hii chanzo kinaonekana mapema: programu mpya ilizisoma aya zote kama za Kiingereza, na maneno yakawa yanakatwa kwa kanuni za lugha hiyo. Mwishoni mwa mstari mmoja naona "nyum-", na "ba" imeanza mstari unaofuata. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na "mb" haitenganishwi, kwa hiyo mkato sahihi ni "nyu-mba", kama ilivyo "nda-ni" na "kupa-nga". Tunaondoa ukataji wa maneno katika mtindo wa aya, kisha tunaingiza kistari cha hiari, kinachoonekana tu neno likikatikia hapo, kwa mkono pale tu ambapo mstari umeacha mapengo yanayochukiza macho. Sura inarudi kurasa 14. Msanifu anauliza kama itatupasa kufanya hivi kitabu kizima. Ndiyo, itatupasa, na kwa maoni yangu hata huko tulikotoka tungepaswa kuwa tunafanya hivyo.

Saa 7:00 mchana

Chakula, na malalamiko kuhusu njia za mkato za kibodi. Vidole vimezoea kwingine. Tumekubaliana kutozigeuza zifanane na za zamani, kwa sababu atakayeajiriwa baadaye hatakuwa na sababu ya kurithi mazoea yetu.

Saa 8:00 mchana

Natoa PDF ya majaribio ya ripoti ya kwanza iliyosanifiwa yote katika programu mpya. Kwenye skrini haina kasoro. Naifungulia dirisha la kutenganisha rangi, nazima nyeusi ili zibaki saiani, majenta na njano, na matarajio yangu ni kuona picha pekee. Badala yake matini yote bado yapo, yamefifia lakini yanasomeka, maana yake ni kwamba herufi zilizopaswa kuwa nyeusi asilimia 100 zimegeuzwa kuwa mchanganyiko wa rangi zote nne. Herufi ndogo ikichapwa kwa pleti nne, yaani bamba la kuchapia kwa kila rangi, pleti moja ikisogea kidogo tu, kingo zake zinapata ukungu wa rangi.

Sababu ni kwamba faili lilisanifiwa kwa wasifu wa rangi wa FOGRA39, yaani maelezo ya jinsi rangi zitakavyotokea kwenye karatasi, ilhali mpangilio wa kutolea PDF uliwekwa wasifu mwingine, na programu ikatii agizo la kugeuza kila kitu, nyeusi ikiwemo. Nalinganisha wasifu wa pande zote mbili, natoa tena, nazima nyeusi tena. Ukurasa unabaki na picha peke yake. Mpangilio huu nauhifadhi kwa jina la mpiga chapa na kuuweka kwenye kompyuta zote.

Saa 9:30 alasiri

Nampigia simu mpiga chapa. Mtambo wake wa kutengenezea pleti unapokea PDF/X-4, aina ya PDF ya uchapaji ambayo huacha vivuli na uwazi (sehemu zinazoonyesha kilicho chini yake) vikiwa hai, lakini kwa kazi zetu za mwanzo anapendelea PDF/X-1a, ambamo uwazi wote umeyeyushwa na rangi zote ni za uchapaji. Nakubali, ingawa kwangu X-4 ni bora. Ziada ya kukatia inabaki milimita 3 kila upande.

Saa 11:00 jioni

Kumbukumbu za kazi za zamani nazishughulikia jioni, simu zikitulia. Baadhi zimetumia fonti za Type 1, muundo wa zamani wa fonti, ambazo Adobe iliacha kuzitegemeza Januari 2023, na hizo zitahitaji fonti mbadala siku zitakapotakiwa. Sina mpango wa kuhamisha kumbukumbu zote. Katika programu za kupangia kurasa, PageMaker ilitoka mwaka 1985, QuarkXPress 1987, InDesign 1999, na kila wasanifu walipohama waliacha nyuma mafaili ambayo leo ni shida kuyafungua. Kila kazi ya InDesign iliyokwisha tunaihifadhi kwa PDF ya mwisho, IDML na picha zake; kompyuta moja inabaki na InDesign hadi kazi zilizoanzia humo zitoke mtamboni.

Kabla sijafunga, mhariri wa jarida anapiga simu kuuliza kama ataendelea kupata mafaili ya kurasa ambayo ofisi yake inaweza kuyarekebisha. Namjibu kwamba IDML kutoka kwake tutapokea, lakini sisi tutamrudishia PDF, na masahihisho atayaandika juu ya PDF hiyo. Hafurahii. Ananiomba nimwandikie utaratibu huo kwa barua pepe ili aupeleke kwa wakubwa wake, nami namwandikia.