Pistoni namba tatu

Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza nilipiga kelele za furaha, na kwa kelele zangu mwenyewe sikusikia alichokisikia mjomba. Yeye aliinua kidole tu. Nikanyamaza. Chini ya ule mngurumo kulikuwa na mlio mkavu, ko-ko-ko, kama mtu anayegonga debe tupu kwa kifundo cha kidole.

"Itaacha ikipata moto, mjomba."

Na kweli, baada ya dakika chache ikaacha. Nikamtazama kama mshindi.

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," akasema. "Zima."

Ilikuwa injini ya petroli ya silinda nne, ya gari lililoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliyokuwa ikila oili na kufuka moshi wa bluu. Nilikuwa na miaka 19. Silinda zilikuwa zimechongwa upya, na pistoni mpya zilikuwa nene kuliko za mwanzo kwa milimita 0.5. Mjomba aliniachia nizifunge mwenyewe, yeye akiingia na kutoka.

Kazi ya ringi, zile pete za chuma zinazovalishwa pistoni, niliiogopa, kwa hiyo niliifanya vizuri. Kila ringi niliitumbukiza peke yake kwenye silinda yake, nikaisukuma chini kwa pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawa, kisha nikapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Hesabu ya mjomba ilikuwa milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo. Silinda zetu zilikaribia milimita 80, basi nilitafuta 0.3 hivi. Ringi mbili zilibana zaidi ya hapo, nikazipiga tupa ncha zake polepole, maana ringi isiyo na nafasi ikitanuka kwa joto ncha hukutana, na hapo huvunjika au huchana silinda. Alama ya juu niliielekeza juu. Mianya niliitawanya isikae mstari mmoja. Bolti za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kreki, nikazivika vipande vya mpira wa petroli zisije zikaikwaruza kreki, mhimili unaozungushwa na pistoni.

Pistoni ya kwanza ilishuka kwa kugongwagongwa na mpini wa nyundo, halafu ikagoma. Nikainua mkono nigonge kwa nguvu. Mjomba akaudaka ukiwa hewani.

"Ikigoma haipigwi. Itoe tuitazame."

Tukaitoa. Ringi moja ilikuwa imechomoka chini ya kibanio cha kuzibania ringi na kukalia mdomo wa silinda. Pigo moja tu lingeivunja.

Baada ya hapo nilikuwa mwangalifu kupita kiasi, na haikunisaidia kitu, kwa sababu kosa lilikuwa limeshafanyika jana yake mezani, nilipounganisha pistoni na konrodi. Konrodi zile zilikuwa na tundu dogo la kurushia oili upande mmoja. Pistoni nazo zilikuwa na mshale kichwani, unaotakiwa kutazama mbele, upande wa cheni ya taimingi. Tundu na mshale lazima vipatane kabla pini inayoshikanisha pistoni na konrodi haijaingia. Pistoni tatu nilizipatia. Ile ya silinda namba tatu niliiunganisha huku napiga soga (hadi leo nikishika pini sizungumzi na mtu). Wakati wa kufunga nikafuata namba za konrodi na vifuniko vyake, zikalingana, nikaridhika. Mshale ulikuwa umezama kwenye oili niliyoimwaga bila kipimo. Sikuufuta.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, mjomba aliiwasha akachomoa waya za plagi moja moja. Alipofika ya tatu mlio ukafifia. Tukafungua silinda hedi, kifuniko cha juu ya silinda, akafuta kichwa cha pistoni kwa dole gumba, na mshale ukajitokeza ukitazama nyuma. Vichwa vya pistoni zile vilikuwa bapa. Vingekuwa na mikato ya kupisha valvu, labda ningeliona kosa mapema.

"Lakini pistoni ni duara," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya adabu sana. "Ikigeuka kuna nini?"

Hakunijibu. Akaokota pistoni ya zamani, akanipa na kifaa cha kupimia. Kutoka pini hadi ukingo, upande mmoja ulizidi mwingine kwa karibu milimita mbili. Pini haikuwa katikati! Ilikuwa imesogezwa kando milimita moja hivi, kwa makusudi. Pistoni ikifika juu kabisa na kuanza kushuka, huhama kutoka ukuta mmoja wa silinda kwenda wa pili. Pini ikiwa upande unaobeba mzigo, huhama kwa kuegemea taratibu. Ukiigeuza inajibamiza. Moto ukipanda, aluminiamu hutanuka, nafasi hupungua na mlio hupotea, huku pistoni bado imekaa kinyume.

Tulishusha sampu, bakuli la oili chini ya injini, tukaisukuma pistoni juu, tukaitoa. Niling'oa klipu za pini, nikaitumbukiza pistoni kwenye maji ya moto mpaka pini ikateleza kwa kidole, nikaigeuza. Safari hii nilifuta mishale yote minne, na bado nikaikagua mara tatu. Gasketi mpya ya hedi ilikwenda bure, nikafunga nyingine.

Tulimaliza jioni. Nilitaka kuwasha, mjomba akakataa: iwashwe kesho, ikiwa imepoa usiku kucha.

Kulipokucha nikazungusha swichi. Mjomba aliinama, ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku, mpini sikioni, akahama kutoka silinda hadi silinda. Kwenye namba tatu alikaa sana.

"Valvu mbili zimelegea," akasema, akaenda kunawa mikono.