Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa wazee, Lubumbashi

Saa 1:30 asubuhi. Tunapokezana zamu. Baridi ya Juni imeingia hadi wodini, wazee wamejikunyata ndani ya vitenge. Mwenzangu wa usiku anasoma daftari: kitanda cha dirishani ametulia, kitanda cha mlangoni msumbufu, amechomoa dripu. Naanza na huyo aliyetulia. Ndiye anayenitia wasiwasi.

Saa 2. Ni bibi aliyevunjika nyonga, anangoja upasuaji, na kumbukumbu zilimtoka kitambo. "Kambo (bibi), unaumwa wapi?" "Hapana, mwanangu, niko muzuri." Hata ukimuuliza kama ana njaa atakujibu hivyo hivyo, kwa adabu yote. Basi naacha maswali, nasubiri tumgeuze kubadili shuka. Akilala tuli uso ni shwari. Paja likisogea tu, kipaji kinakunjamana, pumzi inakatika, mkono unadaka chuma cha kitanda na hauachii.

Karatasi tunayotumia kupima maumivu ni Algoplus, waliyoiandaa Wafaransa kwa wazee wasioweza kujieleza. Unatazama vitu vitano: uso, macho, sauti, mwili, mwenendo. Kila kimoja kikionyesha dalili ni alama 1, na kuanzia 2 uchukulie kwamba anaumwa. Bibi amepata 3. Binti yake, anayelala chini kwenye mkeka, anaongeza la kwake: "Mama akifinya midomo vile, hata nyumbani, ujue imemzidi." Nalo naliandika.

Saa 3:30. Daktari anapita. Kwenye kadi paracetamol imeandikwa "akihitaji". Nabishana naye kidogo: huyu ataihitaji kwa mdomo gani? Anabadilisha iwe miligramu 500 kila baada ya saa sita, maana bibi hafikishi kilo 45. Mjukuu ameshanunua diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, barabarani. Namwomba airudishe nyumbani. Figo na tumbo la umri huu haviiwezi. Tramadol, dawa kali zaidi ya maumivu, nayo tunaiogopa, huwazidishia wazee kama hawa kuchanganyikiwa.

Saa 5. Kitanda cha mlangoni kelele. Mzee mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini, anataka kwenda kazini, anadai posho yake, anarusha ngumi. Wanawe wanaomba sindano ya kumlaza, na sikatai kwamba wodi nzima ingeipenda. Lakini mtu aliyekuwa mpole juzi hageuki mkorofi bure. Nampapasa tumbo: chini ya kitovu pamevimba na ni pagumu, nikibonyeza anapiga kelele. Wanawe wanasema amekuwa akidondosha mkojo kidogo kidogo tangu jana, nao wakadhani anakojoa vizuri. Hapana, huo ni mkojo uliofurika kwa sababu kibofu hakimwagiki. Kwa wanaume wa rika lake, mara nyingi tezi dume ndiyo inayoziba njia. Daktari anaidhinisha sonda, mpira wa kutolea mkojo, wanawe wanakimbilia famasi. Mkojo unaanza kushuka, mfuko unakaribia lita. Kabla sijamaliza kubandika plasta, mzee amefumba macho, anauliza bukari (ugali) iko wapi.

Sindano ingemnyamazisha, na kibofu kingebaki kimejaa.

Saa 6 mchana. Dawa kwa wote, bibi naye hata kama "yuko muzuri".

Saa 7. Sasa ndipo namwogesha bibi, dawa ikiwa imeshaanza kazi. Zamani kuoga kulifanyika asubuhi kwa sababu tu maji ya moto yanakuja asubuhi. Leo binti ameyachemsha kwenye makaa uani. Mto kati ya magoti, watu wawili, tunamgeuza polepole kama mlango wenye bawaba mbovu. Kipaji kimekunjamana, chuma hakushika. Alama 1.

Saa 9:30 alasiri. Makabidhiano. Wa jioni anauliza, "Bibi akisinzia saa 12, wakati wa dawa, nimwache?" Namwambia amwamshe, ampe na uji kidogo. Kuhusu mzee: aangalie sonda isikunjwe chini ya paja, na aulize amepata choo lini, kwa sababu wanawe hawakumbuki na mimi sijaridhika na tumbo lile.