Na Mustang ya supachaja kutoka Nairobi kushuka Magadi

Ukitaja gari la nguvu za farasi 700 hapa Nairobi, swali la kwanza huwa lile lile: "Linafika ngapi?" Nimeulizwa na mlinzi wa geti, nimeulizwa na kijana wa boda boda pale Rongai, nimeulizwa na shemeji yangu. Mimi huwajibu kwamba nguvu za gari la aina hii haziko kwenye namba ya mwisho ya spidomita. Ziko huku chini, kati ya kilomita 40 na 110 kwa saa. Niliyajua hayo kwa mguu wangu Jumamosi niliyoendesha Mustang yenye supachaja, yaani pampu inayoisukumia injini hewa zaidi, kutoka Industrial Area hadi Magadi, chini katika Bonde la Ufa, mjomba akiwa kiti cha pembeni na kompyuta mapajani.

Mjomba ni fundi wa injini, na gari lilikuwa la mteja wake. Lilitoka Uingereza. Ford walizindua Mustang mwaka 1964, lakini usukani wa kulia kutoka kiwandani ulikuja 2015 tu, ndiyo maana miaka hii tunaziona mjini kihalali, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari la usukani wa kushoto wala lililopita miaka minane. Injini yake ni V8 ya lita 5, silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Bila supachaja hutoa farasi kama 450. Huko Uingereza mwenyewe wa kwanza aliliwekea supachaja, na karatasi zilizokuja nalo zinasema 700.

Mteja alikuwa na lalamiko. Rafiki yake ana gari kama hilo nje, amewahi kuliendesha, na lake anaona limelegea. Alitaka mjomba afunge puli ndogo, lile gurudumu linalopitiwa na mkanda, kwenye supachaja ili izunguke kwa kasi zaidi na kusukuma hewa nyingi. Mjomba alikagua plagi, mkanda, pampu ya mafuta na mabomba yote ya hewa, hakuona kasoro. "Gari zima halina ugonjwa," aliniambia. "Tatizo ni mahali lilipo. Njoo tulishushe bondeni uone."

Tulianza alfajiri, na wakati injini ikipata joto alinifungulia boneti. Supachaja imekaa katikati ya V, juu kabisa ya injini, boksi la alumini lenye mbavu. Ndani yake mna rota mbili zilizosokotwa, zinazunguka zikikaribiana bila kugusana, zikibeba hewa kutoka nyuma na kuisukumia silindani. Mkanda mweusi wenye mifereji unaizungusha moja kwa moja kutoka kwenye shafti kuu ya injini. Huo mkanda ndio siri yote. Tabo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, hungoja moshi ujae nguvu ndipo iamke, lakini supachaja haina kungoja: injini ikizunguka, nayo inazunguka. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots, kule Indiana, Marekani, walisajili pampu ya mtindo huu mwaka 1860, kabla magari hayajakuwepo. Mercedes wakaonyesha magari yenye supachaja huko Berlin mwaka 1921. Kisha ndege za vita zikaitegemea, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi na injini inakosa pumzi.

Nairobi nayo iko juu. Tuko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na presha ya hewa yetu ni kama asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Wengi hudhani supachaja inaliondoa tatizo hilo. Haiondoi. Inazidisha hewa iliyoikuta. Ikikuta kidogo, inazidisha kidogo. Tabo inaweza kuruhusiwa izunguke haraka zaidi ili ifidie upungufu, lakini supachaja imefungwa na mkanda, mwendo wake ni ule puli inaoupa. Kwa hiyo zile 700 za usawa wa bahari zinafika Industrial Area zikiwa 580 hivi. Bado ni nguvu za Probox tano na zaidi, lakini mteja hakulipia 580.

Tukatoka Mombasa Road, tukaingia Southern Bypass pale Ole Sereni. Jambo la kwanza lililonishangaza ni utulivu. Nilitarajia gari la kugombana nalo. Klachi ni nzito, mguu wa kushoto unaisikia, na usukani unataka mikono miwili, lakini kwenye gia ya nne, mizunguko 1,500, linatambaa kama gari la mwalimu mkuu. Mngurumo wa V8 uko chini, na juu yake kuna mluzi mwembamba wa rota. Ukigusa mafuta kidogo tu mluzi unapanda, ukiachilia unashuka. Baada ya kilomita chache nilianza kuutegemea zaidi kuliko geji, kwa sababu ulinieleza mguu wangu uko wapi kabla gari halijasogea.

Bypass ilikuwa tupu. Mjomba akatazama nyuma, akatazama mbele, akasema, "Gia ya tatu, shuka mpaka hamsini. Halafu mafuta yote, ukifika mia na kumi uachie."

Nikakanyaga.

Hapo ndipo niseme vizuri, kwa sababu ndicho nilichokuja kuandika. Katika gari la kawaida ukikanyaga mafuta kuna mazungumzo kwanza: injini inasikia, inapanda, halafu gari linafuata. Hapa hayakuwepo. Kanyagio lilipofika chini mgongo wangu ulikuwa tayari umezama kitini. Pua ya gari iliinuka, boneti ikaziba kipande cha barabara nilichokuwa nakiona, na uzito wote nikausikia ukihamia nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma. Shingo ilikaza yenyewe. Na msukumo haukuwa na kilele. Nimeshaendesha magari ya tabo ambayo hukupiga teke moja katikati kisha yakapoa. Hili lilinishika kwa mkono ule ule toka mizunguko 2,000 mpaka nilipoachia. Sekunde tatu, nne, tukawa 110. Mluzi ulikuwa umegeuka kilio, halafu kimya. Tumbo langu lilifika nyuma kidogo ya mwili.

"Psi kumi kasoro," mjomba akasoma kipimo cha presha ya hewa kwenye skrini. Hakuwa ameinua macho.

Kwa mtengenezaji, supachaja hii husukuma psi 12 juu ya presha ya nje. Zile mbili zilizopotea ndizo tulizokuwa tukizifuata bondeni.

Lang'ata Road, Bomas, kisha Rongai, ambako farasi wote wale hawana kazi. Pua ya Mustang iko chini sana, na matuta ya Rongai yametengenezwa kwa ajili ya matatu. Nilikuwa nayavuka kiubavu, gurudumu moja kwanza, huku manamba wa matatu zilizochorwa kila rangi wakinipigia makofi kwenye bodi zao na kuniomba ninguruke. Kiserian tulipita bila kusimama. Barabara ikapanda bega la Ngong, baridi ikaingia dirishani, na pale Corner Baridi bonde likafunguka lote kwa mpigo. Hapo ndipo juu kabisa pa safari, na presha ya nje kwenye skrini ilikuwa ya chini kuliko hata ya mjini. Mjomba akaiandika kwenye daftari. Anaandika kila kitu kwa kalamu ingawa kompyuta inahifadhi.

Kutoka hapo unashuka zaidi ya mita elfu moja. Kona za mwanzo ni kali, na nguvu zikiwa nyuma lazima mguu uwe na adabu. Gari hili haliogopeshi likiwa limenyooka, ila usukani ukiwa umekunjwa ukaongeza mafuta kwa pupa, mkia unataka kwenda kabla ya pua. Niliuhisi kwenye kona moja, mtikisiko mdogo chini ya kiti, taa ya njano ya kuteleza ikawaka na kompyuta ikakata nguvu yenyewe. Nilikuwa sijafika hata nusu ya kanyagio. Kwa maoni yangu huu ndio ujuzi wa kuendesha gari la namna hii, kujua milimita mbili za mguu wa kulia ni kiasi gani, na kuzitoa pole pole kadiri usukani unavyonyooka. Anayejua hilo atafurahia gari hili kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa.

Baada ya Kisamis na Oltepesi nchi inabadilika. Migunga, vumbi jeupe, punda, ng'ombe wa Wamaasai wakivuka bila haraka na mtoto wa fimbo nyuma yao. Tuliwasubiri, dirisha wazi. Yule mtoto alitazama boneti kwa muda mrefu ikitetema joto. Olorgesailie tulisimama kunywa maji. Pale ndipo Louis na Mary Leakey walichimba miaka ya 1940, wakakuta mashoka ya mawe kwa mamia. Siku nyingine ningekaa mchana mzima. Mjomba alikuwa na haraka na namba zake.

Na namba zilikuwa zinapanda. Ukilishusha gari kidogo kidogo huwezi kuona mabadiliko, kwa hiyo tulikuwa tukirudia lile lile kila penye barabara nyoofu isiyo na mtu wala mnyama: gia ya tatu, 50 mpaka 110, achia. Psi kumi. Kumi na nusu. Karibu na Magadi, mita 600 tu juu ya bahari, sindano ikapita 11. Kwa mguu, tofauti ilikuwa dhahiri kuliko kwenye daftari. Kule Bypass gari lilinisukuma, huku lilinirusha. Kanyagio lilikuwa jepesi zaidi kwa maana kwamba nilihitaji kidogo kupata kile kile, na mlio wenyewe ulikuwa umejaa, mzito, wa kifua.

Lakini Magadi ina joto. Ilikuwa saa sita, nje nyuzi 35 na ushei, chumvi ya magadi iking'aa ziwani mpaka macho yanauma. Hewa ikibanwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Chini ya rota kuna kipoozeo chenye maji yake kinachopambana na moto huo, na katika jaribio la kwanza kilimudu. Tuliporudia bila kupumzisha gari, hewa ya kuingia silindani ilifika nyuzi 65, na kompyuta ya injini ikaanza kuchelewesha moto wa plagi ili mafuta yasilipuke ovyo silindani. Niliijua kabla mjomba hajasema. Msukumo ulikuwepo, ila ule uhodari wa mwanzo ulikuwa umeondoka, kama mtu anayekimbia akiwa ameshiba. Tukalipaki kivulini, boneti juu, tukala mayai ya kuchemsha kwenye karatasi. Hata hivyo hesabu ilibaki upande wa bonde: pamoja na joto lote lile, hewa ya Magadi bado ilikuwa nzito kuliko ya Nairobi kwa asilimia kadhaa.

Kabla hatujaondoka mjomba alichuchumaa nyuma ya gurudumu akaniita. "Mpwa, soma hapa." Ubavuni mwa tairi, kwenye duara dogo, palikuwa na tarakimu nne: 2318. Wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi zilizotoka na gari kiwandani. Akabonyeza mpira kwa ukucha, haukuingia. Mifereji ya tairi ilikuwa bado na kina, mtu angeapa ni mpya, lakini mpira ulikuwa umekauka kuwa kama kwato.

Njiani kurudi nilijaribu gia ya pili, kwenye mnyoofu, kutoka mwendo wa kutembea. Gia hiyo peke yake inakufikisha 110 kabla injini haijamaliza mizunguko yake. Sikuweza kuitumia. Nusu kanyagio, na nyuma kukateleza, taa ikawaka, kompyuta ikakata. Nguvu zilikuwa pale, mpira haukuwa na uwezo wa kuzikabidhi kwa lami.

Jioni, Kiserian, tukingoja nyama, mjomba alimpigia mteja na kuweka spika. Akamsomea daftari lote, presha kwa presha. "Boss, gari lako ni zima. Hizo farasi ziko, zinakungoja Mombasa."

Mteja akarudi kwenye puli ndogo.

"Nikikufungia puli ya kukupa psi 12 hapa Nairobi, Desemba ukishuka pwani itakupa zaidi ya 14. Na petroli ya pampu, na joto la kule. Pistoni zitatoboka kabla hujafika Mtwapa. Puli ndogo sifungi, labda uniahidi gari halitashuka Mtito Andei."

Kimya kidogo. Mteja hupeleka familia pwani kila mwaka.

"Sasa nifanye nini, fundi?"

"Tairi za nyuma, boss. Hizo 580 ulizo nazo hujawahi kuzitumia zote."

Nyama ikaletwa. Jumatatu mteja alituma pesa ya tairi.