Nane, tisa, na ule mchezo wa kuhesabu

Mtaani kwetu hapa Mwanza, ukisema "pool" umesema namba nane. Unatumbukiza sarafu, mipira inaporomoka, aliyeshinda anabaki mezani. Nimecheza hivyo miaka kumi na mbili na bado naupenda, kwa sababu hata mlevi anauelewa: maliza mipira ya kwako, kisha nyeusi, ile namba nane.

Lakini tangu binamu yangu anionyeshe namba tisa, nimekuwa msaliti. Humo lazima mpira mweupe uguse kwanza namba ndogo kuliko zote zilizobaki mezani. Kutumbukiza si kazi; kazi ni mweupe utatulia wapi baadaye. Ila tisa ikidondoka kwa pigo lolote halali, hata kwa kugongwagongwa tu, umeshinda. Juzi kijana mmoja alinifunga hivyo huku tayari ameshanigeuzia mgongo akiagiza soda. Sikulala.

Ufundi mtupu, kwangu mimi, ni ule mchezo wa kuhesabu, unaoitwa 14.1. Unachagua mpira wowote, unautaja na mfuko wake, pointi moja moja. Ukibaki mmoja mezani, ile 14 iliyotumbukia inapangwa upya nawe unaendelea. Mwaka 1954 Willie Mosconi, bingwa wa pool wa Marekani, alitumbukiza mipira 526 mfululizo kule Springfield, Ohio. Rekodi yangu ni 11, na mmoja ulikuwa wa kubahatisha (niliutaja, lakini mfuko mwingine kabisa).

Nilijaribu kuwafundisha wenzangu pale baa. Walivumilia dakika kumi, wakadai meza yao.