Bibi wa Kyela na boila la mzungu

Bibi alipanda kutoka Kyela kuja Mbeya mwezi wa saba 2015 kwa ajili ya miguu yake iliyokuwa inamsumbua, na anayezijua hizo sehemu mbili ameshaelewa shida ilianzia wapi. Kyela unalala bila shuka, jasho linakutoka umekaa tu. Mbeya mjini ni mita 1700 hivi juu ya usawa wa bahari na mwezi wa saba ndo mwezi wa masweta, alfajiri ukiongea mdomo unatoa moshi. Bibi kashuka stendi na kitenge na kandambili, salamu zenyewe hajamaliza akauliza hivi huku watu mnaishije.

Tulikuwa tunakaa kwa mama mkubwa, mtaa wa Forest hapo Mbeya, nyumba ya kupanga ambayo kabla yetu alikaa mzungu mmoja wa miradi, na huyo mzungu ndo aliacha boila la gesi, lile la kupashia maji ya kuoga. Limefungwa ukutani kile chumba cha nyuma ya jiko, sanduku jeupe la bati, kwa chini lina kidirisha cha kuchungulia moto, bomba la moshi linatokea juu ya bati, mtungi wa kilo 38 uko nje. Nyumba ilikaa tupu muda mrefu kabla hatujahamia na sisi hatukuwahi kuligusa, tulikuwa tunachemsha maji kwenye sufuria na maisha yanaenda. Ila bibi kaambiwa hospitali awe anakandwa na maji ya moto asubuhi na jioni, na usiku wa kwanza tu alitaka aingiziwe jiko la mkaa chumbani, mama mkubwa akakataa katakata. Watu wa nyanda za juu tunajua hizo habari, kila msimu wa baridi kuna familia inalala na jiko ndani mlango umefungwa na asubuhi hawaamki.

Basi akanigeukia mimi. "Mwanangu, si unasoma umeme wewe? Hebu liwashe hilo dude bibi yako apate maji."

Nilikuwa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, diploma ya umeme, na ukishasoma umeme kwenye ukoo wa Kitanzania kila kitu chenye waya, bomba au kelele ni chako. Kwenye boila kulikuwa na michoro ya kuelekeza: unageuza kinobu kwenye alama ya kimoto kidogo, unabonyeza kitufe, unapitisha njiti ya kibiriti kwenye kidirisha, pailoti (kile kimoto kidogo cha kuwashia moto mkubwa) inashika, unaendelea kubonyeza kama dakika hivi halafu unaachia. Pailoti ikashika. Nikahesabu taratibu, nikaachia, pap, imezima. Nikarudia, ikashika, nikaachia, imezima. Mama mkubwa amesimama nyuma yangu na ndoo, anaguna tu.

Mjomba alivyokuja jioni akasema gesi imeganda, baridi yote hii unategemea nini. Sasa hapo hakuwa muongo kabisa, maana gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na byuteni, na byuteni ikikaribia nyuzi sifuri inagoma kugeuka kuwa hewa, kwa hiyo alfajiri ya Mbeya presha inaweza kushuka kweli. Lakini jiko la kupikia linatumia mtungi huohuo na lilikuwa linawaka freshi, maharage yanatokota pale. Gesi ipo. Mjomba akasema basi mi namleta fundi.

Fundi akaja kesho yake kutoka Mwanjelwa, mtu wa majiko, mchangamfu, akamwamkia bibi kwa Kinyakyusa wakaanza kutafutana ukoo mpaka chai ikapoa. Kwenye boila alikaa dakika chache tu. Themokapo imekufa, akasema, hapa Mbeya haipo, inaagizwa Kariakoo inakuja na basi, laki na nusu pamoja na ufundi. Mama mkubwa akashika kiuno. Fundi kumuona vile akasema msijali, kwa leo nawafungia kitu cha muda, akatoa waya ule wa kufungia nondo, akakibana kile kitufe kikabaki kimebonyea moja kwa moja, akawasha pailoti, ikawaka na haikuzima.

Watu wakashangilia bwana. Bibi anasema ndaga fijo, ndaga fijo, yaani asante sana. Mjomba ananiangalia kama vile ada yangu ya chuo imepotea bure.

Mama mkubwa kafungua bomba la bafuni, maji yakatoka, baridi vilevile. Tukasubiri. Baridi. Kumbe lile boila limetengenezwa hivi, kitufe kikiwa kimebonyezwa gesi inaenda kwenye pailoti peke yake, ile njia ya moto mkubwa inakuwa imezibwa mpaka uachie na ugeuze kinobu. Kwa hiyo tulikuwa na kimoto kidogo kinachowaka bila faida yoyote, na kibaya zaidi ulinzi wote umefungwa na waya.

Maana themokapo kazi yake ndo hiyo. Ni kijiti chenye metali mbili tofauti zilizoungwa nchani, ncha inakaa ndani ya moto wa pailoti, ikipata joto inazalisha umeme kidogo sana, milivolti 20 mpaka 30 (betri ya saa ya ukutani ni milivolti 1500, pima mwenyewe), na huo umeme mdogo ndo unaishika sumaku inayoacha njia ya gesi wazi. Pailoti ikizimwa na upepo, ncha inapoa, sumaku inaachia, gesi inafunga yenyewe. Darasani tuliambiwa jambo hili aliliona Seebeck mwaka 1821, tukaliandika kwa ajili ya mtihani tukasonga mbele. Sasa ukibana kitufe na waya, siku upepo ukizima pailoti gesi inaendelea kumwagika tu, na hii gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikatoka dirishani, inatulia sakafuni inasubiri mtu awashe kibiriti. Nikamwelezea mama mkubwa hivyohivyo. Sikumaliza, alishafika kwenye boila anaufungua ule waya kwa mikono yake, fundi akanuna akasema nyie wasomi bana, akaondoka.

Laki na nusu mi ilinikaa kichwani. Nikaazima mita ya kupimia umeme kwa jamaa wa hosteli, nikafungua nati ya themokapo pale inapoingia kwenye valvu, nikamwambia mdogo wangu abonyeze kitufe pailoti iendelee kuwaka, nikapima: milivolti 6, 7, haipandi zaidi. Hapo unaweza kusema fundi yuko sahihi, kitu kimekufa. Lakini 6 na kufa ni vitu viwili, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuuangalia ule moto wenyewe, wa njano, mlegevu, unayumba kama mlevi anarudi nyumbani, na ncha ya themokapo unaigusa kwa pembeni tu. Pailoti yenye afya ni ya bluu na inaikumbatia ile ncha.

Kwa hiyo nikaichomoa themokapo yote nikaenda nayo jikoni. Mama mkubwa anasonga ugali, nikamwomba jiko moja, nikaishika kwa koleo ncha yake ikawa kwenye moto wa bluu, mita ikaanza kupanda polepole, 10, 15, 20, ikaja kutulia 24. Nikapiga kelele mpaka bibi akauliza nani kaungua. Themokapo nzima! Laki na nusu ya watu ilikuwa inaenda Kariakoo kununua kitu tulichonacho.

Kilichobaki ni pailoti. Nikafunga gesi kule nje kwenye mtungi, nikafungua mlango na dirisha (mama mkubwa alikuwa ameliziba na gazeti sababu ya baridi, nikalitoa, moto wa njano ndo unaotoa ile sumu ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, huwezi kuufungia ndani), nikaacha chumba kipigwe hewa kwanza. Skrubu mbili, kibomba kikatoka. Pembeni kina kitundu cha kuvutia hewa ichanganyike na gesi, na kile kitundu kilikuwa kimezibwa na utando wa buibui, umejaa vumbi na masizi, mweupe kwa ndani mweusi kwa nje. Mwenyewe hayupo, kajenga kahama. Nilikuja kusoma baadaye kwamba buibui kwenye vibomba vya gesi ni ugonjwa unaojulikana, hasa kifaa kikikaa bila kuwashwa.

Nikautoa kwa mswaki mkavu. Kile kitundu cha kutolea gesi chenyewe ni kidogo mno, ukikichokonoa na sindano unakipanua na moto unaharibika moja kwa moja, nikachukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa flexible nikaupitisha taratibu, nikamalizia na pampu ya baiskeli. Ncha ya themokapo nikaipitishia msasa laini, juujuu. Nati nikaikaza kwa vidole halafu spana kidogo tu, ukiikaza kwa hasira unaibonyeza ile ncha ya mawasiliano na hapo ndo unaiua kweli. Nikafungua gesi, nikapaka povu la sabuni kwenye kila nilipofungua, hakuna kipovu kilichovimba.

Nikawasha. Bluu, imenyooka, ncha imezama ndani. Nikahesabu mpaka dakika, mjomba amechuchumaa pembeni hasemi kitu. Nikaachia. Imebaki. Nikageuza kinobu, mama mkubwa akafungua bomba bafuni na boila likaitika vuuu, mjomba akaruka nyuma karibu aangushe ndoo.

Bibi alioga mpaka tukagonga mlango kuuliza kama mzima. Akajibu tumwache, Mbeya ndo kwanza anaiona.

Fundi alirudi Jumamosi na bei imeshuka, sasa laki na ishirini. Mama mkubwa akampeleka bafuni akamfungulia maji ya moto, akayashika, akatabasamu, wala hakubisha. Akasema tu basi mama, naomba waya wangu. Ukatafutwa nyumba nzima. Bibi alikuwa ameshaufungia mfuko wake wa mchele, na mchele wenyewe hataki kuufungua, ikabidi fundi apewe elfu tano ya waya aende zake.