Jumanne tuliyosikiliza redio isiyo na betri

Kwa siku tisa ile redio haikutoa hata mkoromo. Nilikuwa nimeiunda mwenyewe kwenye meza ya jikoni, na kila nikirudi kutoka zamu ya usiku nilivaa hedifoni kabla hata sijavua koti. Kimya. Redio iliyokosa kituo walau huvuma. Hii ilinyamaza kama jiwe.

Naishi Chelmsford, mji wa Essex, kaskazini-mashariki ya London. Kwetu ni Tanga. Nilipohamia hapa sikujua kwamba nimekuja kukaa mahali ambapo redio ililelewa. Guglielmo Marconi alifungua kiwanda chake mjini humu mwaka 1898, na 1912 akajenga kingine kikubwa zaidi mtaa wa New Street, karibu na stesheni ya treni. Miaka mitatu nilikuwa nikipita mbele ya lile jengo bila kuinua macho. Siku hizi sehemu kubwa ya eneo hilo ni nyumba za makazi. Aliyenifumbua macho ni jirani yetu, mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani hapo tangu ujana hadi kustaafu. Aliniambia niende Sandford Mill, kwenye makumbusho, nikaone kibanda.

Nilikwenda na binti yangu, ana miaka kumi na mmoja. Ni kibanda cha mbao cha kijeshi, kirefu, cha kawaida kabisa. Ungekikuta mahali pengine ungedhani ni stoo ya majembe. Zamani kilisimama kwenye kiwanja huko Writtle, kijiji ambacho naweza kukifikia kwa miguu. Ndani ya mbao zile, tarehe 14 Februari 1922, Kapteni Peter Eckersley na wahandisi wenzake wa Marconi walianza kurusha matangazo kila Jumanne jioni, nusu saa tu. Jina la kituo lilikuwa 2MT, na kwa alfabeti ya jeshi la wakati ule wakalitamka "Two Emma Toc". Walikuwa na santuri, waimbaji, na Eckersley mwenyewe, ambaye kazi yake ilikuwa uhandisi lakini maikrofoni ilimgeuza akawa mchekeshaji. Kabla yao hapakuwa na matangazo ya burudani ya kila wiki nchini Uingereza.

Kilichonishika mimi siyo vichekesho vyake. Ni masharti ya leseni. Miaka miwili nyuma, tarehe 15 Juni 1920, mwimbaji mashuhuri wa Australia, Nellie Melba, aliimba kutoka kiwanda cha New Street na akasikika hadi ng'ambo, Paris pia wakamsikia. Badala ya kufurahi, wakubwa wa Posta, ambao ndio waliotawala mawimbi, waliona burudani inaingilia mawasiliano ya maana, na mwaka huo huo wakapiga marufuku. Wapenzi wa redio walilalamika sana mpaka Writtle ikaruhusiwa, lakini kwa masharti: nguvu isizidi wati 250, na katika kila dakika kumi, dakika tatu mtambo uzimwe. Katika dakika hizo tatu mhandisi alitakiwa kutega sikio kwenye mawimbi yale yale, asije akawa anaamriwa kufunga kituo naye hana habari.

Niliyasoma maelezo hayo mara mbili. Kituo cha redio kinachokatiza wimbo ili kisikilize! Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo redio ilisema kuanzia alfajiri na hakuna aliyeiomba inyamaze. Hapo ndipo nilipopania: nitasikiliza redio kama walivyosikiliza watu wa mwaka ule, Jumanne moja nzima, kwa chombo kama chao.

Wengi wao walitumia redio ya jiwe. Haina betri, haina umeme wa ukutani, haina kitu cha kukuza sauti. Unahitaji waya mrefu wa kunasa mawimbi, koili ya kuchagua kituo, jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi yanayong'aa, na hedifoni. Jiwe linapitisha umeme upande mmoja tu, na hapo sauti inajitenga na wimbi lililoibeba. Msikilizaji alilidunga kwa ncha ya waya mwembamba akitafuta mahali penye uhai. Akipiga mtu chafya, mlango ukibamizwa, ncha imehama, anza upya. Nguvu yote inayotikisa kile kisahani cha chuma kwenye sikio lako imetoka kwenye mnara, imepita hewani, ikaingia kwenye waya wako. Hakuna anayeiongezea njiani.

Mimi nilianza na diodi ya jermaniamu, inayofanya kazi ya lile jiwe bila usumbufu wa kudungadunga. Nilisema jiwe litakuja nikishafaulu. Koili niliizungusha juu ya kopo la karatasi ngumu la shayiri, upana wake sentimita nane, mizunguko 80 ya waya wa shaba wa nusu milimita, na kila baada ya mizunguko kumi nikavuta kitanzi nje ili niweze kubadili urefu. Binti yangu ndiye aliyehesabu. Tulipofika 57 mama yake akauliza chakula tutakula saa ngapi, hesabu ikapotea, tukafumua yote.

Kosa la kwanza lilikuwa hedifoni. Nilinunua mtandaoni jozi ambayo muuzaji aliapa ni ya zamani, yenye ukinzani wa umeme wa omu 2,000. Nilipoipima kwa mita ilikuwa omu 32, sawa na za simu. Redio ya jiwe haiwezi kusukuma hedifoni kama hizo. Nguvu ni ndogo mno. Jirani aliposikia alikwenda darini kwake, akarudi na jozi nzito yenye mkanda wa chuma, akanikabidhi kama mtu anayekuazima mtoto.

Bado kimya. Kosa la pili lilikuwa la mikono yangu. Waya wa koili umepakwa vanishi nyembamba usiyoiona kwa macho, na mimi nilibana klipu juu ya vanishi. Umeme haupiti hapo. Nilichukua msasa, nikakwangua kila kitanzi mpaka shaba ikawa ya waridi.

Bado kimya. La tatu ndilo lililonichukua siku nyingi, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu najua litamkwamisha kila atakayejaribu. Vitabu vyote vya zamani vinasema ufunge waya wa ardhini kwenye bomba la maji. Nikafunga, nikaubana kweli kweli. Kumbe nyumba yetu ni ya juzi: bomba la jikoni ni la shaba, lakini linaloingia kutoka barabarani ni la plastiki. Nilikuwa nimeufunga waya wangu kwenye kipande cha shaba kinachoning'inia, hakigusi udongo popote. Redio ya jiwe bila ardhi ni kama mshipi usio na ndoana. Mzee jirani ndiye aliyegundua, tena kwa kuangalia tu chini ya sinki. "Ardhi yako iko wapi?" aliniuliza. Nikamwonyesha bomba. Akatikisa kichwa.

Hivyo ile Jumanne, katika likizo fupi ya shule ya Februari, nilikuwa mapumzikoni na tulianza asubuhi. Nilipigilia nondo ya shaba ya mita moja na kitu nyuma ya nyumba, karibu na ukuta ambako udongo haukauki, nikaimwagia ndoo ya maji. Kisha antena. Mita ishirini za waya kutoka dirisha la chumba cha juu hadi kwenye mti wa tufaha mwisho wa bustani, pande zote mbili nikaziachanisha na ukuta na mti kwa vipande vya plastiki ili mawimbi yasivujie huko. Mke wangu alishika ngazi huku akinisomea hitma kabla ya wakati. Anga lilikuwa jeupe, hakuna dalili ya radi. Kukiwa na radi waya kama huo hauingizwi ndani kabisa.

Saa nane mchana nikabana klipu kitanzi cha nne, mizunguko 40. Nikavaa hedifoni.

Mtu alikuwa anaongea.

Alikuwa mbali, kama anaongea chumba cha tatu na milango imefungwa, lakini ni mtu, na ni maneno. Nilimwita binti yangu kwa mkono, sikuthubutu kufungua kinywa. Akaweka sikio moja, mimi nikabaki na la pili, vichwa vyetu vimegusana. Alisikiliza muda, kisha akanong'ona, "Baba, anazungumza na nani?" Nikamwambia anazungumza na sisi. Akasema, "Lakini haijachomekwa popote."

Ilikuwa idhaa ya habari na michezo ya BBC, kwenye mawimbi ya kati, kilohezi 909. Inarushwa kutoka Brookmans Park, kaskazini ya London, kilomita 45 hivi kutoka kwenye mti wetu wa tufaha. Jioni nilipomweleza mzee jirani, alitabasamu akaniuliza kama najua kituo kile kilibuniwa na nani. Nilikuwa sijui. Ni Eckersley. Writtle ilinyamaza Januari 1923, na mtu wa kibandani akachukuliwa na BBC kuwa mhandisi wake mkuu wa kwanza; Brookmans Park, iliyofunguliwa 1929, ilikuwa ya kwanza katika mpango wake wa vituo vikubwa vya kufikia nchi nzima. Basi nilikuwa nimezunguka siku tisa kumtafuta mtu wa Writtle, na aliyenijibu ni mtambo wake.

Jioni tulipiga simu Tanga. Mama yangu alitaka kuona kwa video. "Haina betri kabisa?" aliuliza. Haina, mama. "Nyinyi wenzetu mmestarehe. Sisi tulizianika juani ili walau tumalize taarifa ya habari." Binti yangu hakuelewa, ikabidi bibi yake amweleze jinsi betri zilivyopangwa juu ya bati mchana, zikirudishwa usiku zinasukuma sauti dakika chache zaidi. Alimweleza pia kuhusu Sauti ya Unguja, na jinsi sauti kutoka visiwani ilivyokuja wazi usiku kuliko mchana. Hilo nilikuwa nimelisoma vitabuni, kwamba mawimbi ya kati husafiri mbali jua likizama. Sikujua kwamba mama analijua toka zamani kwa masikio.

Usiku kulikuwa na mpira. Tulizima taa za jikoni, tukazima na friji kwa muda, siyo kwa ajili ya umeme bali kwa ajili ya mngurumo wake. Ndipo nilipoelewa hasa ilivyokuwa. Mlio wa kijiko ulitosha kufuta sentensi nzima. Mke wangu aliposogeza kiti tulipoteza kona. Zamani familia ziliweka hedifoni ndani ya bakuli ili sauti ikusanyike na wengi wasikie. Tukajaribu bakuli la kauri, na kweli, tukiinama wote watatu juu yake kama watu wanaokula pamoja, tulimsikia mtangazaji akipandisha sauti. Nani kafunga hatukujua mpaka aliporudia.

Nilimkumbuka hapo Arthur Burrows, aliyesoma taarifa ya kwanza ya BBC London, tarehe 14 Novemba 1922. Aliisoma mara mbili, mara ya kwanza haraka na ya pili polepole, kisha akawaomba wasikilizaji waseme ipi inawafaa. Niliposoma zamani niliona ni adabu tu. Nikiwa nimeinamia bakuli, shingo inauma, nimeshikilia pumzi, niliona alikuwa anawajua watu wake. Nao wa Writtle waliwajua. Zile dakika tatu za kimya walilazimishwa, sawa, lakini upande wa pili palikuwa na mtu aliyepata nafasi ya kuhema, kurekebisha ncha yake kwenye jiwe, kumpa mwenzake hedifoni.

Kipindi cha pili binti yangu alisinzia na sikio lake juu ya bakuli. Nilimbeba kitandani. Niliporudi kufunga jikoni nikanyoosha mkono kuzima redio, nikakumbuka haina swichi. Haizimwi. Maadamu waya uko juu ya mti na nondo iko ardhini, inasikia, awepo mtu au asiwepo. Nikawasha friji, nikaiacha pale mezani.

Asubuhi niliinua hedifoni kutoka kwenye bakuli. Mwanamke mmoja, kwa mbali, alikuwa anasoma hali ya hewa.