BSA ya 1942 na mpira wa Muheza

Jumapili usiku

Leo nimevifunga tena vile vishikio vya usukani vilivyokuja kwa posta, vinarudi kwa aliyeniuzia. Havina ubaya wowote. Mpira mpya, mweusi, umefinyangwa vizuri, na mtu mwingine angevivalisha palepale akaendelea na kazi. Ila pikipiki yangu ni ya nusu ya pili ya mwaka 1942, na pikipiki za jeshi la Mwingereza zilizotoka kiwandani kipindi kile hazikuwa na mpira mikononi. Zilikuwa na turubai.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: ninayoifufua ni BSA M20, pikipiki ya kampuni ya BSA ya Birmingham, Uingereza. Silinda moja ya cc 496, vali za pembeni, nguvu farasi 13, gia nne. Foki ya mbele ni vyuma vilivyoungwa kama daraja dogo la reli, na springi moja katikati. Nyuma hakuna shokapu kabisa; kinachomwokoa dereva ni springi mbili chini ya kiti. Inakaribia kilo 170. Zilitengenezwa zaidi ya 120,000 wakati wa vita, zikabeba tarishi wa jeshi na waongoza misafara ya malori, kuanzia barabara za Uingereza hadi jangwa la Afrika Kaskazini. Askari waliilalamikia kwamba ni nzito na haina mbio, na hawakuwa waongo. Lakini ilikubali kufunguliwa gizani, mvuani, na mtu mwenye spana chache tu, na jeshi lilihitaji hilo kuliko mbio.

Watu wakinisikia nasema nairudisha katika hali yake ya asili, hudhani asili ni kitu kimoja kilichokaa mahali kinasubiri. Asili ya mwezi gani? M20 ya 1940 na ya 1942 ni jina moja, injini moja, lakini ukiziweka sambamba utaona vita vimepita katikati yake. Ya kwanza imevaa mpira kwenye vishikio na kwenye vikanyagio. Ya pili ina turubai mikononi na chuma kitupu miguuni. Hata rangi si ileile.

Rangi ndiyo iliyonipa tarehe kabla sijapekua orodha za mikataba ya Wizara ya Ugavi. Kuna sehemu chini ya tangi, pale linapokalia fremu, ambapo wapaka rangi wote waliopita waliona uvivu kufika. Nilichukua msasa laini wa maji nikasugua duara dogo, ukubwa wa sarafu. Kwanza ikaondoka nyeusi, ya raia fulani aliyeinunua baada ya jeshi kuitupa. Chini yake kijani cha kung'aa, ambacho jeshi lilikipaka miaka ya hamsini, vita vikiwa vimekwisha na maafisa wamepata tena muda wa kupenda mng'aro. Nikaendelea kusugua kwa kidole kimoja, maji yanageuka tope. Halafu ikaja kahawia, haing'ai hata kidogo, imeshikana na bati. Hiyo ni SCC 2, rangi ya jeshi ya wakati wa vita. Waliigeukia kwa sababu kijani kilitaka oksidi ya kromiamu, na oksidi ya kromiamu ilikuwa haba. Kwa hiyo magari yakawa ya kahawia. Hakuna mtaalamu wa kujificha aliyekaa chini akaamua kwamba Ulaya ina rangi ya kahawia. Kopo la kijani lilikuwa limekauka, basi.

Na mpira vilevile. Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942, Malaya ikiwa imeshakwenda, na visiwa vya Waholanzi vikafuata. Karibu mpira wote wa dunia ulikuwa ukitoka upande ule. Uliobaki ghalani ukatengwa kwa ajili ya matairi. Kiganja cha askari kingeweza kuvumilia turubai.

Hapo ndipo nilipompigia mjomba.

Mjomba yuko Muheza, mkoani Tanga. Nilitaka tu kumchekesha, kwamba mpwa wake anakataa kitu kizuri anatafuta kibaya kwa bei kubwa zaidi. Hakucheka.

"Mwaka gani umesema?"

"Arobaini na mbili, mjomba."

"Basi huo ndio mwaka waliomleta babu yako."

Nilijua kwamba babu hakuzaliwa Muheza. Kwetu husemwa "alitoka bara" na mazungumzo yanaishia hapo, kwa hiyo nilikuwa nimeweka kichwani kwamba alifuata mkonge, akajiandikisha manamba mwenyewe kama wengi. Kumbe jina lake lilitoka kwa jumbe. Walikuja na orodha, vijana wenye nguvu wakatajwa, wakapandishwa gari. Yeye hakupangiwa mkonge. Alipangiwa mpira.

Mashamba ya mpira ya Tanga yalipandwa wakati wa Mjerumani. Mwaka 1913 bei ilianguka vibaya, wenye mashamba wakahamia mkonge, na miti ikaachwa na vichaka. Malaya ilipopotea, serikali ya Tanganyika ikaikumbuka ile miti, ikafufua mashamba, na kwa kuwa hakukuwa na wagemaji wa kutosha kwa mshahara uliokuwepo, watu wakakamatwa kwa sheria. Ni miti ya Ceara, ndugu wa muhogo. Ukila kisamvu cha mpira, ndiyo hiyo hiyo majani yake. Nimekula kisamvu kile utoto wangu wote, cha nazi, bila kuuliza nani aliupanda mti na kwa nini umejaa makovu shinani.

"Alikuwa anasema asubuhi ndiyo kazi," mjomba akaniambia. "Jua likipanda utomvu unaganda. Kwa hiyo mnaamshwa usiku. Na nyapara anahesabu."

Nikamuuliza kwa nini babu hakutusimulia sisi wajukuu. Akasema waliokwenda keya, jeshini kwa Mwingereza, walirudi na habari za Burma, na habari za Burma zilikuwa na utamu wake. Nani angekaa kusikiliza habari za kugema?

Sasa nivalishe mpira mpya kwenye hiyo pikipiki? Hapana. Si kwa sababu ya mashindano ya wale jamaa wanaozunguka maonyesho na daftari, wakipiga magoti kukagua bolti za mtu. Nimeagiza vishikio vya turubai kwa mshonaji anayefuata sampuli ya zamani, na vikinichubua viganja vitakuwa vinafanya kazi yake. Mpira haukuwepo mwaka ule, na nimeshajua ulikuwa unatafutwa wapi na kwa mikono ya nani. Kuuweka pale ni kuisemea pikipiki uongo.

Niandike kidogo kuhusu spana, maana wapo wanaoniuliza kila mara kwa nini situmii seti yangu ya kawaida.

Haiwezekani. M20 ni ya Whitworth na ndugu zake, vipimo vya Kiingereza vya zamani, na namba iliyochongwa kwenye spana ni unene wa bolti, siyo upana wa mdomo wa spana. Ukishika spana iliyoandikwa 1/4W usitafute robo inchi popote mdomoni; mdomo wake una zaidi ya nusu inchi. Juu ya hapo, vita vilipoanza kubana, vichwa vya bolti vikapunguzwa hatua moja ili kuokoa chuma, ndiyo maana spana ileile ina 1/4W (kipimo cha zamani) na 5/16BS (kile kilichopunguzwa) pamoja. Kwa milimita ni kama 13.3. Namba 13 haiingii. Namba 14 inaingia, inacheza, na ukikaza kidogo inakula kona zote sita. Mafundi wengi walishazila kona hizo kabla yangu, wengine kwa plaizi, nadhani mmoja kwa patasi.

Kwa hiyo spana zangu ni za wakati ule. Nyingi nimezipata kwenye masoko ya vipuri chakavu, yale ya alfajiri kwenye viwanja vya wazi, watu wanatembea na tochi juu ya maturubai yaliyojaa kutu. Mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, aliyeshinda kwenye mashine za kukereza chuma maisha yake yote, ndiye aliyenifundisha kuzichagua: usitazame kutu, tazama midomo kama imefunguka. Ninayoipenda zaidi ni ya kurekebisha, King Dick, imetengenezwa hapahapa Birmingham, ina ule mshale mdogo wa mali ya serikali. Imelika pale kidole gumba kinapokaa. Kidole changu kinaingia mlemle.

Ninapoishi si mbali na Small Heath, palipokuwa na kiwanda chenyewe cha BSA. Kiwanda hakipo tena. BSA ilikufa miaka ya sabini na majengo mengi yakabomolewa. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Wajerumani zilikipiga kikiwa kazini na wafanyakazi 53 wakafa. Baadaye kazi ikatawanywa sehemu nyingine ili bomu moja lisimalize kila kitu, na pikipiki zikaendelea kutoka. Siku hizi mtaa umejaa Wapakistani na Wasomali. Anayenibadilishia matairi ni Msomali aliyekulia Eastleigh, na Kiswahili chake cha Nairobi hunitoa jasho. Alipoiona M20 mara ya kwanza aliuliza kama ni trekta.

Tuje kwenye mambo ambayo nimekataa kuyafuata hata kama ni sahihi kwa mwaka wake. Asbesto, la kwanza. Bitana za breki na baadhi ya gasketi za wakati ule zilikuwa za asbesto, na bado utazikuta kwenye maboksi yake ya karatasi ya nta, zinauzwa kwa siri kama dhahabu. Uingereza iliipiga marufuku moja kwa moja mwaka 1999. Atakayekagua pikipiki yangu akinikata alama kwa sababu breki zangu haziui mapafu, akate.

La pili ni magneto, kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha injini. Lucas Magdyno, kitu kizuri kwa umbo, magneto chini na dainamo imefungwa mgongoni kwa mkanda wa bati. Kinachoiua ni kondensa iliyozikwa ndani. Injini ikiwa baridi inawaka kwa kiki moja; ikipata moto, cheche inakufa, na utasukuma kilo 170 hadi nyumbani. Nyaya za ndani nazo zilifunikwa kwa shelaki, aina ya vanishi, ambayo ikichemka inalainika na kuchuruzika. Nimeipeleka kwa fundi wa magneto, amesuka nyaya upya na kuweka kondensa ya kisasa mahali palepale. Haionekani. Wenye kulalamika wamenifikia hata kwa hili, na huwauliza mara ya mwisho walisukuma pikipiki yao umbali gani.

Koki ya mafuta ina kizibo cha kweli, kile cha gome la mti, na nimekiacha. Kikikauka inavuja, unakichemsha kidogo kwenye maji kinavimba, kinaziba.

Jana mchana nikaiwasha.

Kuiwasha M20 ni kazi ya utaratibu. Fungua mafuta. Bonyeza kile kipini juu ya kabureta hadi petroli ilowanishe kidole. Funga hewa kwa wenzo. Rudisha moto (wakati wa cheche) nyuma kwa wenzo mwingine, na hapa usiwe mzembe, kwani moto ukiwa mbele sana kiki inarudi kwa nguvu na inaweza kuvunja kifundo cha mguu. Sukuma kiki polepole mpaka mgandamizo ukukatalie. Nyanyua vali kwa kidole, ipitishe pistoni kilele, achia. Ndipo upige, kwa mguu mzima, bila hasira. Iliwaka. Sauti yake ni nzito na ya mpangilio, inakaa tumboni, na kila mlio unausikia peke yake.

Nilimpigia mjomba nikaweka simu karibu na ekzosi.

"Shikamoo mjomba. Unaisikia?"

"Marahaba. Naisikia. Vuta resi kidogo." Nikavuta. "Kidogo, nimesema. Ishikilie hapo." Nikaishikilia. Mjomba ameendesha pikipiki za kila kabila tangu ujana wake, akibeba machungwa kushuka nayo mjini, na hana subira na mashine inayojisikia. "Hiyo inakunywa sana. Inawaka moja inaruka moja. Husikii?"

Nikamwambia labda bado haijapata moto.

"Chomoa plagi uitazame, usibishane na mimi."

Nikazima, nikachomoa. Nyeusi tii, masizi makavu hadi kwenye kaure. Nikamwambia ilivyo, akaguna, akataka kujua ina shokapu ya namna gani nyuma. Nilipomwambia haina kabisa, akasema basi machungwa yangefika juisi, akanitaka nimsalimie mke wangu, akakata.

Kesho nikitoka zamu nitaishusha sindano ya kabureta pengo moja.